Aliyemkimbia Mama

Nasema mapema msije mkanilaumu: mimi Sidi Kaingu nina hasira za karibu, na Jumapili ile nilikuwa na haki ya kuwa nazo. Mwanamume niliyempenda miezi minane kimoyomoyo alimtazama mama yangu mzazi, akageuza baiskeli, akatimua mbio. Mchana kweupe. Mbele ya watu waliokuwa wakila mihogo.

Lakini ngojeni nianzie asubuhi, maana asubuhi yenyewe ilikuwa tamu.

Tulikutana saa tatu Ndia Kuu, mbele ya duka la kina Khairiya, kama ilivyokuwa desturi yetu kila Jumapili. Khairiya na kakake hukodisha baiskeli kwa wageni, na yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha, akinishikia kiti kwa nyuma huku akinitukana kwa mapenzi. Siku hiyo alikuwa amepandisha buibui akalifunga kiunoni, suruali chini, raba mpya miguuni, anatia upepo magurudumu. Oliver, anayeendesha mashine ya kunyanyulia mizigo bandarini Kilindini, alikuwa amekaa barazani na sahani ya mahamri na mbaazi.

"Oliver, hatujatoka hata nje ya mtaa na wewe ushajaza tumbo?" Khairiya akamwuliza.

"Nakula nisije nikachoka."

"Utachoka kwa hiyo mbaazi, mwanangu. Ngoja utaona."

Nilicheka, lakini macho yangu yalikuwa kwenye kona. Kisha Wekesa akatokea, na ile kona ikapendeza. Ana mtindo wake wa kushuka kwenye baiskeli kabla haijasimama, mguu mmoja unapita juu, anatembea hatua mbili, huyo kafika. Ni fundi wa kreni, mtu wa Kimilili huko bara, na mwaka huu ni wa sita yuko Mombasa. Yeye ndiye aliyetuanzishia mzunguko wa kisiwa: tunatoka Ndia Kuu, Ngomeni, Kizingo, Barabara ya Mama Ngina, Likoni, Mbaraki, Kilindini, Makupa, Tudor, halafu nyumbani tukiwa hoi.

"Karani," akaniita. Hakuwahi kuniita kwa jina. Mimi ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, basi kwake nikawa Karani. "Umelala lakini?"

"Nimelala. Kwani macho yangu yasemaje?"

Mtu mwingine angeyatazama kidogo, akajibu, tukaendelea na mambo. Yeye aliyatazama mpaka Khairiya akakohoa.

"Yanasema hukulala," akasema, kisha akainama kukagua breki zangu. Breki hizohizo alizikagua Jumapili iliyopita, na iliyotangulia, na ile ya kabla yake. Nilikitazama kisogo chake nikatamani kukigusa. Haki ya Mungu nilitamani.

Na kweli sikuwa nimelala. Mama ndiye aliyeninyima usingizi.

Mama yangu huuza mihogo ya kukaanga pale Mama Ngina, penye ukuta ambapo watu hukaa kutazama bahari. Ana mambo yake. Mteja akija na pesa mkononi bila salamu, humwambia mihogo haijaiva, hata kama imejaa kwenye karai inanukia. Mtoto akipita bila shikamoo humrudisha apite upya. Jana yake jioni, tukimenya mihogo ya kesho, akaniuliza bila kuniangalia.

"Kesho mtapita kwangu na hizo baiskeli?"

"Tutapita, mama."

"Na huyo atakuwapo?"

"Huyo nani?"

"Sidi, usinifanye mtoto. Tangu Januari ni Wekesa kasema hivi, Wekesa kacheka vile. Mimi nina masikio. Amekutamkia?"

Hapo ndipo penye kidonda changu. Miezi minane mtu ananikagua breki, ananinunulia dafu, anakaa nyuma yangu barabarani ili lori lisinipitie karibu, na hajasema neno.

"Hajatamka," nikasema.

"Basi sikiza. Wazee wa kina Samuel wanatoka Kaloleni Jumamosi ijayo kuja kukuposa. Umri huu wako si wa kuchezea, na nimekungoja uniambie la maana nimechoka. Kijana wa watu ni mwalimu, ana adabu, akiingia kwangu anaamkua mpaka kuku."

Samuel hana kasoro. Ndiyo shida yake. Nikikaa naye nusu saa huona niko kwenye foleni ya benki.

"Mama, simtaki Samuel."

"Unamtaka mtu wa bara ambaye hajakutaka. Na watu wa bara hawajui kuamkua! Wanakupita pale kama nguzo ya stima." Akaweka kisu chini. "Haya. Sitaki uje useme nilikulazimisha. Kesho nitamsimamisha mimi mwenyewe. Nitampa mkono. Akiniamkua kama mtu aliyelelewa, nitawapigia Kaloleni wasije. Asiponiamkua, Sidi, Jumamosi utavaa vizuri na utakaa kitako uwasikilize wazee. Tumekubaliana?"

"Nisimwambie kitu kwanza?"

"Ukimwambia ataigiza. Mimi nataka kumwona alivyo."

Nikakubali. Nilikubali kwa furaha, wapendwa, kwa sababu Wekesa ana adabu kuliko wanaume wote ninaowajua. Huwaamkua masoja wa geti. Huwaamkua wafagiaji. Nilijiambia mtihani huu ameshaupita kabla haujaanza. Kilichoninyima usingizi ni furaha na hofu vikisukumana.

Tukaondoka Ndia Kuu tukipiga kengele, tukawapita wauza vinyago wakipanga bidhaa zao, tukatokea Ngomeni kwenye jua. Khairiya mbele, Oliver nyuma akilalamikia mbaazi. Tulipoingia Kizingo upepo wa kusi ukatupokea usoni, bahari ikafunguka upande wa kushoto, maji yanaruka kwenye miamba, nami nikapiga kelele bila sababu. Ukiwa juu ya baiskeli barabara ile, una miguu mizuri na mtu unayempenda yuko ubavuni, unaweza kupiga kelele, hakuna atakayekuuliza.

"Leo unaenda mbio," Wekesa akasema akinifikia.

"Au wewe ndiye umekuwa mzito."

"Mimi?" Akakanyaga, akanipita, akageuka nyuma akicheka. "Nifikie basi, Karani!"

Nikamfikia. Alipunguza mwendo ili nimfikie, nami nilijua, na alijua kwamba najua. Tukaenda sambamba, magoti yetu yakikaribiana. Kicheko chake kikaisha taratibu.

"Nina neno nataka kukuambia leo," akasema.

"Sema."

"Si hapa. Tukifika Tudor."

"Tudor iko upande wa pili wa kisiwa, Wekesa!"

"Najua. Lakini ni Tudor."

"Na nikifa njiani kabla ya kulisikia?"

"Usife," akasema kwa sauti ya chini, wala hakuwa anatania. Nikageuza uso kuelekea baharini asione ninavyotabasamu.

Nilijiona mjanja siku hiyo. Mama ataamkuliwa Mama Ngina, mimi nitaambiwa neno Tudor, na Kaloleni watapigiwa simu wabaki kwao salama. Mpango ulikuwa umetimia, bado kuukanyagia peda tu.

Mama Ngina watu walikuwa wamejaa kama kawaida ya Jumapili, familia na watoto, harufu ya mihogo, pilipili na ndimu. Nilimwona mama kwa mbali. Alikuwa amejitanda mabegani leso mpya nyekundu, na amewahamisha wateja kwenye benchi moja ili benchi jingine libaki tupu. Roho yangu ikasinyaa kwa huruma. Mama yangu alikuwa amejiandaa.

"Tusimame pale," nikamwambia Wekesa. "Pale kwa yule mwenye leso nyekundu."

"Mihogo yake mizuri?"

"Mizuri sana. Ni mama yangu."

Alikuwa anakanyaga peda. Akaacha.

"Ni nani?"

"Mama yangu. Aliyenizaa."

"Sidi," akasema. Mara ya kwanza kuniita Sidi, na aliniita kwa hofu. "Sidi, hukuniambia!"

"Si nakuambia sasa?"

Breki zikalia. Lakini mama alikuwa ameshatuona, ameshainuka, ameshafuta mikono kwenye leso ya kiunoni. Alikuja moja kwa moja hadi ukingoni mwa barabara, ametabasamu meno yote, mkono mbele.

"Karibu, mwanangu! Karibu sana. Sidi ametuimbia jina lako mpaka—"

Wekesa akatazama ule mkono kama umeshika moto. Akaficha uso kwa kiganja. Akatazama bahari, akatazama chini, akatazama kila mahali isipokuwa uso wa mama yangu. Kisha akageuza usukani, akampa mgongo, akakanyaga. Akaondoka! Akakata upepo kuelekea Likoni, shati limejaa hewa mgongoni, wala hakugeuka.

"Yule kaona jini?" mteja mmoja akauliza. Wenzake wakacheka.

Mama hakucheka. Alirudi kwenye karai lake polepole, akageuza mihogo ambayo haikuhitaji kugeuzwa.

"Umeona?" akaniuliza.

"Mama, ngoja kwanza—"

"Nimeona, mwanangu. Sina haja ya kungoja."

Laiti angenigombeza. Sauti yake ya upole ndiyo iliyonichoma. Khairiya alikuwa amesimama mdomo wazi, na Oliver alikuwa ameshakaa kwenye benchi akaona aibu akasimama tena. Hasira zikanipanda kutoka visiginoni mpaka utosini. Nikairukia baiskeli.

"Sidi, wenda wapi?" Khairiya akapiga kelele.

"Kumuua!"

Sijapata kuendesha vile maishani mwangu. Machozi yalikuwa yanatoka, upepo unayakausha, mengine yanatoka. Nilimwona mbele kama nukta, kisha nukta ikapotea kwenye umati wa Likoni, maana feri ilikuwa ndiyo kwanza imeshusha watu. Nikaingia humohumo. Nilipiga kengele mpaka kidole kikauma.

"Pisheni! Pisheni jamani!"

"Dada, wamkimbiza nani?" mama mmoja mwenye kapu akaniuliza akiruka pembeni.

"Mjinga!"

"Mshike, mwanangu! Mshike!"

Nikatokea upande wa pili, nikashika njia ya Mbaraki, na pale kwenye magodauni, ambapo Jumapili hakuna lori wala mtu isipokuwa soja mmoja na redio yake, nikamkuta. Mnyororo wake ulikuwa umetoka na kujibana. Amepiga magoti barabarani, fundi anayetengeneza kreni za bandarini, na mikono yake inatetemeka hata hawezi kurudisha mnyororo wa baiskeli.

Nikaitupa yangu chini.

"Simama! Simama uniangalie!"

Akasimama. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Sidi, nisamehe. Nilikuwa nakwenda kukungoja hapa. Nisingekuacha."

"Unasema nini wewe? Umemkimbia mama yangu! Amekunyooshea mkono!"

"Ndiyo maana nikakimbia. Alinyoosha mkono."

"Watu wakinyooshewa mkono wanaupokea, Wekesa! Huwaamkui masoja? Huwaamkui wafagiaji? Mama yangu ndiye hafai? Kwa sababu anauza mihogo? Kwa sababu sisi—"

"Usiseme hivyo!" Alipaza sauti, jambo ambalo sikuwa nimemwona akilifanya. Soja akapunguza redio. "Usilimalize hilo neno. Nisingeweza kuushika mkono wake. Ningeushika wa mama yeyote mwingine Mombasa hii, si wake. Kwetu haifanywi. Mtu hamshiki mkono mama... hamshiki..."

Akakwama.

"Mama nani?" nikauliza.

"Mama mkwe."

Redio ya soja ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Naikumbuka mpaka leo.

"Mkwe wa nani?" nikauliza.

"Wangu."

"Tangu lini?"

"Tangu Januari. Tudor. Ulipata pancha ukakataa nikusaidie, ukakaa chini na gauni lako la kanisani ukaliziba tundu mwenyewe, mafuta mpaka kwenye pua. Nikasema moyoni, huyu ndiye. Toka hapo mamako ni mkwe wangu."

"Tangu Januari! Na mimi nilikuwa nijulishwe lini?"

"Leo," akasema. "Nilikuambia, tukifika Tudor."

Sikujua nicheke au nimpige. Nilimpiga, kofi la bega, dogo. Akalipokea bila kulalamika.

"Kwetu Kimilili," akasema kwa haraka, akiona nimelegea, "ni heshima kubwa kupita zote. Baba yangu akimwona bibi yetu, mama yake mama, anakuja njiani, huingia kwenye mahindi. Mzee mzima, suti ya kanisani, Biblia mkononi, nimemwona kwa macho yangu akijitosa shambani. Huwezi kumtazama usoni. Huwezi kumpa mkono. Ukiona mtu anampa mkono mama wa msichana, ujue huyo msichana hana mpango naye. Ningempaje mamako mkono, Sidi? Ningekuwa nimekukana mbele ya bahari nzima."

Nikakaa chini ukingoni mwa njia. Miezi minane nangoja aseme, na alipokuja kusema amesema kwa kukimbia, nami nimemfuata nikitaka kumuua.

"Wekesa, una habari umefanya nini?" Nikamweleza yote. Samuel, wazee wa Jumamosi, mkono wa mama ulivyokuwa mtihani. Kadiri nilivyosema ndivyo alivyozidi kujishika kichwa.

"Kwa hiyo nimefeli."

"Umefeli vibaya sana."

Simu yangu ikalia. Khairiya.

"Ushamuua?" akauliza.

"Bado."

"Basi ndoo huku mbio, maana mamako ameshika simu, asema yuwapigia watu wa Kaloleni sasa hivi waje hata kesho wakitaka. Nimemwambia hana salio, nikampa mazungumzo, lakini ashaanza kunishuku."

"Mpe simu. Nipe mama."

Kukawa na vurumai, halafu pumzi ya mama.

"Sidi, rudi ule. Mambo ya huyo yameisha."

"Mama, nisikilize, naomba usinikatize." Nikamweleza. Mahindi, suti, Biblia, Tudor, pancha, yote kwa pumzi moja. Nikasikia mafuta yakichemka kwenye karai.

"Hebu nielewe," mama akasema hatimaye. "Amenipa mgongo kwa kuniheshimu?"

"Ndiyo, mama."

"Miaka yote niliyokaa Mombasa sijaona heshima ya namna hiyo."

"Hata mimi sikuijua."

"Na amekutamkia?"

"Ametamka. Sasa hivi. Nimekaa chini hapa barabarani."

Kisha mama akasema kwa ile sauti yake ya mihogo haijaiva.

"Basi mwambie hivi. Mimi si mkwe wa mtu ambaye hajaleta wazee. Kwa sasa mimi ni mama mtu mzima, nimetoa mkono wangu mbele za watu, ukaachwa. Nimeaibika. Aje aniamkue kama tunavyoamkuana huku. Nampa robo saa. Baada ya hapo napiga Kaloleni, na salio ninalo, mwambie na huyo Khairiya."

Akakata. Wekesa alikuwa amesikia kila neno. Alisimama, mikono kiunoni, akitazama ukuta wa godauni. Nikaona kitu ambacho sikuwa nimekifikiria: lilikuwa jambo zito kwake. Mimi nililiona la kuchekesha, mzee kwenye mahindi. Yeye macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama yangu akisikia nimemshika mkono mkwe wangu, atalia," akasema. "Baba hatasema kitu. Atakaa kimya mwezi mzima."

"Usiende basi," nikasema, na moyo ukanipasuka kusema. "Nitajua namna ya kuongea na mama. Sitaki uvunje mambo ya kwenu kwa ajili yangu."

"Na Jumamosi?"

Niliahidi, na mama anajua kwamba nikiahidi nimeahidi.

Akanitazama kama alivyonitazama asubuhi, ila safari hii hakukuwa na mtu wa kukohoa.

"Nitamshika," akasema. "Mara moja, na ya mwisho. Wazee wakishakwenda kwenu, hataniona tena usoni mpaka mwisho wa dunia. Twende."

Mnyororo wake ulikataa katakata. Tukamwachia soja baiskeli, naye akasema, "Nendeni, nendeni, mimi nataka kusikia mwisho wake." Yangu ni ile nyeusi nzito ya kina Khairiya, ina keria nyuma. Wekesa akakaa kwenye kiti, nami nikaruka nyuma. Sikuwa na pa kushika ila kiuno chake, basi nikakishika.

Ee Mola wangu! Uliza kiuno hicho nimekiota mara ngapi. Alikanyaga, baiskeli ikalia, nami nikalaza shavu kwenye mgongo ule uliolowa jasho nikasikia moyo wake unavyogonga. Tukaingia Likoni.

"Pisheni!" yeye anapaza.

"Pisheni!" nami napaza.

Yule mama wa kapu alikuwa bado kituoni. "Ah! Umemshika!" akapiga makofi. "Mshikilie, mwanangu!"

"Namshikilia!" nikamjibu, na Wekesa akacheka mpaka tukayumba.

"Zimebaki ngapi?" akauliza tukipanda Mama Ngina.

"Dakika nne. Kanyaga!"

"Umekuwa mzito, Karani."

"Kanyaga, Wekesa, ama nakwenda Kaloleni!"

Akakanyaga kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Tulipofika, wateja wote walikuwa wamesimama. Khairiya, kwa mdomo wake ule, alikuwa amewahadithia ukuta mzima. Mama amesimama nyuma ya karai, simu mkononi, uso hausomeki.

Nikashuka. Wekesa naye akashuka, safari hii kwa utaratibu. Akavua helmeti. Akafuta mikono kwenye suruali, ikabaki na grisi vilevile. Akaenda hatua moja moja, macho chini, na nilimwona anavyolazimisha kila hatua.

"Shikamoo, mama," akasema. Akanyoosha mkono.

Mama hakuitikia. Aliutazama ule mkono kwa muda mrefu sana.

"Kwenu wakisikia umenifanyia hivi, watakufanya nini?" akauliza.

"Watanisikitikia, mama."

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi naona vibaya." Hakuushusha mkono. "Naona vibaya sana. Lakini nampenda Sidi. Siwezi kumwacha aende Kaloleni."

Amelisema. Mbele ya mihogo, mbele ya Oliver, mbele ya familia za watu, neno ambalo alikuwa amelitunzia Tudor. Nikaziba mdomo kwa mikono miwili.

Mama akachomeka simu kwenye leso ya kiunoni. Nikasema moyoni, sasa ataupokea. Badala yake akashika ncha ya leso yake nyekundu, akaivuta juu ya kichwa, akaishusha mpaka ikamfunika uso. Kisha, mama yangu, ambaye hajawahi kumwacha mtu apite bila salamu, akageuka akampa Wekesa mgongo.

"Sidi!" akaniita akiwa ametazama bahari.

"Abee, mama."

"Mwambie huyo mwenzako aniondokee hapa. Hana haya? Anataka kumshika mkono mkwewe hadharani?"

Sekunde moja hakuna aliyeelewa. Halafu Khairiya akapiga kigelegele, wanawake wa mabenchi wakakipokea, Oliver akamkumbatia mtu asiyemjua, na mimi machozi yakanitiririka bila breki.

Wekesa alikuwa bado amesimama palepale, haamini, mkono mbele, hajui aupeleke wapi. Nikaenda nikaushika mimi.